Maswali ya Wasomaji: "Nililala nje miaka sita, sasa nataka kuwarudia wenzangu"

Tangu baridi ya Juni ilipoanza kuuma hapa Lubumbashi, Kongo, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu zinahusu watu wanaolala nje. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa mwandishi wake anataka kuanza kazi ambayo mimi, katika miaka 22 ya uuguzi wa wagonjwa wa akili, nimeiona ikifaulu na nimeiona pia ikiwaangusha walioianza.

Mama, nakusalimu kutoka Katuba. Nina miaka 41. Nilikunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hadi nikapoteza kazi, mke wangu akarudi kwao, nami kwa miaka sita nikawa nalala juu ya meza za soko na, mvua ikinyesha, kwenye baraza za maduka karibu na stesheni. Mwezi huu natimiza miaka mitatu bila kugusa kikombe. Tuko watano: wawili tumetoka kwenye pombe, mmoja kwenye bangi, na wawili waliwahi kulazwa kwa sababu ya kusikia sauti na wanaendelea na dawa zao. Parokia imetupatia chumba cha kukutania. Tunataka kutoka jioni na kuwafuata wenzetu walio nje. Muuguzi mmoja ametuambia kwamba kazi ya mgonjwa ni kuponywa, si kuponya, na neno hilo limetuvunja moyo. Je, tuna haki ya kufanya kazi hii? Na tukitoka, tuanzie wapi?

Ndugu yangu wa Katuba, muuguzi huyo ni mwenzangu wa kazi, kwa hiyo nitamjibu kwa upole: amesema nusu ya ukweli. Hamtaponya mtu, na siku mtakapoanza kutangaza kwamba mnaponya nitakuwa wa kwanza kuwapinga. Lakini kumtafuta mtu, kukaa karibu naye, kumsindikiza kituoni na kumrudia wiki inayofuata ni kazi nyingine, na waliopita njia hiyo wameifanya tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 18, msimamizi wa wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali ya Bicêtre, Paris, alikuwa Jean-Baptiste Pussin, mtu aliyeingia humo akiwa mgonjwa wa tezi za shingo, akapona, akabaki kama mfanyakazi. Alipenda kuajiri wahudumu kutoka miongoni mwa waliolazwa na kupata nafuu, kwa kuwa hao hawakuwa wepesi wa kupiga. Yeye ndiye aliyewafungua wagonjwa wake minyororo mwaka 1797, ingawa sifa kubwa ilimwendea daktari Philippe Pinel. Mwaka huohuo alizaliwa, katika mji wa Ghent huko Ubelgiji, Joseph Guislain, daktari wa wagonjwa wa akili, ambaye jina lake mnalijua kutokana na kituo cha magonjwa ya akili hapa Lubumbashi kinachoendeshwa na Frères de la Charité, mabruda wa Kikatoliki.

Mfano wa karibu zaidi uko Afrika Magharibi. Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, alikuwa fundi wa matairi mjini Bouaké, Kodivaa. Alipata mali, akafilisika, akafikia ukingo wa kutaka kujiua. Baadaye alianza kuwafuata barabarani wagonjwa wa akili waliokuwa wakitembea uchi na kula jalalani, na katika vituo vilivyozaliwa na kazi yake baadhi ya wahudumu ni watu walioletwa hapo wakiwa wagonjwa. Kampala nako, katika hospitali ya Butabika, waliowahi kulazwa walifundishwa kuwatembelea nyumbani wenzao wanaoruhusiwa kutoka. Butabika hiyohiyo na jiji la Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa sehemu za utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2018 kuhusu msaada wa aina hii, pamoja na miji ya Ujerumani, Israeli na India. Muuguzi wenu akitaka kubishana, mwambieni abishane na hao kwanza.

Mlichonacho ninyi ambacho mimi sina, nilikiona siku moja wodini. Tulikuwa na kijana aliyekataa dawa baada ya dozi za kwanza. Siku tisa hakutoa neno. Daktari alimweleza faida zake, mimi nikambembeleza, baba yake mdogo akaja kumfokea. Siku ya kumi, mama aliyekuwa akifagia wodi, ambaye mwenyewe alikuwa amelazwa humo miaka ya nyuma, aliegemeza ufagio ukutani, akaketi sakafuni na si kitandani, akafungua chupa yake ya maji na kuisogeza katikati yao. Akauliza, bila kumtazama usoni: "Ile ya jioni, inakukausha mdomo mpaka ulimi unanata?" Kijana alikunywa maji kwanza. Kisha akasema: "Na shingo inavutwa." Kumbe kilichomtisha ni kukakamaa kwa shingo, jambo ambalo dawa aliyopewa, haloperidol, huweza kulisababisha na ambalo lina dawa yake ya kulituliza, yeye alidhani ni mtu aliyekuwa akimnyonga usiku. Sisi wote tulikuwa tumemweleza kwa nini anywe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza dawa ile inamfanyaje.

Sasa, mwanzo wenu. Chagueni siku moja au mbili za wiki na saa ambayo mtaweza kuitunza hata mwezi wa mvua, na mzunguko mfupi mtakaoumaliza kwa miguu. Ni bora Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa mwaka mzima kuliko kila siku kwa wiki tatu. Mtu aliye nje amekwisha kuahidiwa mambo mengi: shangazi aliyesema atarudi kumchukua, mchungaji aliyepiga picha, watu wa blanketi waliofika Krismasi na hawakuonekana tena. Ahadi ndogo iliyotimizwa mara kumi mfululizo ni kitu ambacho huenda hajawahi kukiona. Kwa hiyo wiki za mwanzo msidai chochote. Salimieni, semeni majina yenu, semeni siku mtakayorudi, nendeni, halafu rudini siku hiyo.

Tokeni wawili wawili, na mmoja wa hao wawili awe ametulia kwa muda mrefu. Aliyelala msimguse, simameni hatua chache kando, upande wa miguu na si wa kichwa, mwite kwa sauti ya kawaida, na asipojibu mwacheni alale, ila mkiona hapumui vizuri au ananuka pombe na hawezi kuamshwa kabisa, basi huyo ni wa hospitali usiku huohuo. Akiamka, chuchumaeni. Anayesimamiwa na watu wawili gizani hukumbuka askari au wezi, na wengi wamepigwa na wote hao. Wewe uliyelala stesheni unayajua haya kunishinda, lakini wenzako wawili waliotokea hospitalini huenda hawayajui.

Bebeni chai ya moto na soksi. Nasema soksi kwa makusudi: katika Juni na Julai usiku wa mji wetu hushuka chini ya nyuzi 10, nguo watu hutoa, soksi hakuna anayezikumbuka, na anayevuliwa viatu ili avishwe soksi huonyesha vidonda ambavyo asingevitaja. Fedha msitoe mkononi. Si kwa sababu watanunua lutuku, ingawa baadhi yao watanunua, bali kwa sababu baada ya wiki mbili mtakuwa mnangojewa kama mfuko, na mwenye nguvu atamnyang'anya mnyonge mkishageuka.

Historia yako mwenyewe iseme kwa sentensi mbili na uache hapo. "Nililala kwenye meza ile pale miaka sita. Sasa nalala Katuba." Akitaka zaidi atauliza. Nimesikia walioacha pombe wakisimulia wokovu wao kwa saa nzima mbele ya mtu anayetetemeka kwa baridi, na nikajiuliza nani hasa alikuwa anahudumiwa.

Kuna jambo moja la kitabibu ambalo lazima wote watano mlijue kabla ya jioni ya kwanza. Mtu anayekunywa lutuku tangu asubuhi, kila siku, kwa miezi na miaka, msimwambie aache leo. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao hupatwa na kuweweseka, jasho, moyo kwenda mbio na kuona wadudu wakipanda ukutani. Hali hiyo huua. Akisema anataka kuacha, furahini naye, kisha mpelekeni mahali penye muuguzi, aachishwe kwa dawa na apewe vitamini B1, ambayo miili ya walevi wa muda mrefu huikosa na ambayo ukosefu wake huharibu ubongo. Wewe mwenyewe uliacha vipi, hukuniandikia. Ikiwa uliacha peke yako na ukasalimika, mshukuru Mungu, lakini usimfundishe mwingine njia hiyo.

Kwa wanaosikia sauti, msibishane nao kama sauti zipo, wala msikubali kwamba mnazisikia. Ulizeni zinasema nini, na hasa kama zinawaamuru kujidhuru au kumdhuru mtu. Hapo mnamhitaji daktari haraka. Anayebadilika ghafla, jana alikuwa na akili zake na leo anapayuka, apimwe malaria kabla mtu hajataja wazimu wala uchawi. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumfanya mtu yeyote kuwa "kichaa" kwa siku mbili na kumwua siku ya tatu. Na anayeanguka mara kwa mara motoni au mtaroni huenda ana kifafa, ugonjwa wenye dawa za bei nafuu, ambao mitaani kwetu umewafukuza watu wengi majumbani bila sababu.

Nimefika kwenu wenyewe, na hapa ndipo nina hofu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta hotelini baada ya biashara kumwendea vibaya, baa ikiwa hatua chache mbele yake. Alichofanya ni kupiga simu makanisani akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari mpasuaji aliyeitwa Bob Smith, na kutokana na mazungumzo yao ukazaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Watu hulisimulia tukio hilo kana kwamba Wilson alikwenda kumwokoa daktari. Yeye alikwenda kujiokoa, na hakuficha. Daktari naye, baada ya wiki kadhaa za kukaa pamoja, alisafiri kwenda kwenye mkutano wa kitabibu akarudi amelewa. Kikombe chake cha mwisho, kwa mapokeo ya wanachama, alikinywa tarehe 10 Juni. Hakufukuzwa. Tarehe hiyo ndiyo wanachama wenyewe huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwa ushirika wao.

Nakueleza haya ili ninyi watano mkubaliane mapema, mkiwa wazima na hamjakasirikiana, mtafanya nini mmoja wenu atakapoanguka. Mimi ningeamua hivi: anakoma kutoka jioni, lakini haachi kuja chumbani. Anayesikia sauti zikirudi naye awe na ruhusa ya kusema "leo siendi" bila kutoa maelezo marefu. Na baada ya kila mzunguko, kabla ya kwenda nyumbani, kaeni robo saa mseme mlichokiona. Wewe utapita karibu na wanaouza, utasikia harufu ile ya mahindi na mihogo iliyochachushwa, na usijidanganye kwamba miaka mitatu imeifuta. Tafuteni pia mtu wa nje ya kundi, muuguzi au daktari, wa kukutana naye mara moja kwa mwezi. Nendeni katika kituo cha Guislain au kituo cha afya cha mtaa wenu mkaulize nani atawapokea mnapomleta mtu, saa ngapi, na kwa malipo gani. Msianze kabla ya kupata jibu. Kumshawishi mtu miezi mitatu akubali kwenda, kisha kugeuzwa naye mlangoni, kunaweza kumfunga moyo asikubali tena.

Parokia imewapa chumba, jambo jema. Mwombeni padri pia nauli na chakula cha jioni kwa wanaotoka. Nimechoka kusikia kwamba aliyewahi kuwa mgonjwa anapaswa kujitolea bure ilhali dereva wa gari la msaada analipwa.

Mama, mimi ni dada wa Ruashi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa fundi wa umeme. Tangu alipoanza kuzungumza peke yake, familia ilimpeleka kwenye chumba cha maombi, akafungwa mnyororo mguuni wiki kadhaa, akatoroka. Sasa analala karibu na soko, na akituona sisi wa nyumbani anakimbia. Wiki iliyopita walikuja watu wawili, wakasema nao waliwahi kuugua kama yeye, wakauliza habari zake. Mama yetu amewafukuza, anasema watamzidishia. Niwaambie nini nikikutana nao tena?

Mdogo wangu, kwanza nikupe pole, kwako na kwa mama. Mwambieni mama kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kukaa pamoja, na kwamba mwanawe hakimbii kwa kukosa upendo. Anakimbia kwa sababu mara ya mwisho alipowafuata watu wa nyumbani alifikia kwenye mnyororo. Kwa sasa wageni wale wawili wanaweza kumkaribia kuliko ninyi, jambo linaloumiza, nalijua.

Ukiwakuta, waambie vitu ambavyo hospitali haiviulizi. Jina alilopenda kuitwa alipokuwa mdogo. Kama anakula bukari (ugali) na samaki au anapenda mboga zaidi. Kwamba alikuwa fundi wa umeme, ili waweze kumwuliza kuhusu waya badala ya kumwuliza kuhusu ugonjwa. Waambie pia kama aliwahi kunywa dawa, zipi, na zilimfanyaje. Kisha waombe wamfikishie neno moja tu: kwamba mlango uko wazi na hatafungwa. Msiseme hivyo kama wazee wa familia bado wanafikiria kumrudisha kwenye kile chumba. Itisheni kikao kwanza, mkubaliane, ndipo neno liende. Na msiwaombe wamdanganye kwamba wanakwenda kununua mkate ili wampakie garini, kwani watampoteza kama mlivyompoteza ninyi, na hapo hatabaki hata mmoja anayeweza kumsogelea.

Sala siipingi, mimi mwenyewe nasali. Ninachokipinga ni mnyororo. Nimesafisha vidonda vya vifundo vya miguu vilivyofika mfupani, na hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba shetani ametoka.

Akikubali matibabu, jiandaeni kwa mambo mawili ambayo huwarudisha wengi barabarani. Baadhi ya dawa hizi, hasa chlorpromazine, huamsha njaa kali na kuifanya ngozi iungue upesi juani. Basi awe na chakula cha kutosha na kofia, la sivyo ataziacha. La pili ni haraka ya familia. Mtu aliyerudi akilala hadi saa nne asubuhi kwa sababu ya dawa ataitwa mvivu ndani ya wiki mbili, na maneno hayo nimeyasikia yakimtoa mtu nyumbani kwa mara ya pili. Mpeni waya mbovu wa redio autengeneze polepole, na msimhesabie saa.

Mama Mhariri, nina duka karibu na soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Asubuhi nakuta watu wamelala mlangoni, wengine watoto. Kwa nini serikali isiwapakie wote kwenye malori iwatoe mjini?

Imewahi kufanyika katika miji mingi, ndugu yangu, na wewe mfanyabiashara unajua kwamba mzigo usio na mpokeaji hurudi kwa aliyeutuma. Wanarudi kwa miguu, wakiwa wamepoteza kadi za hospitali na dawa walizokuwa wameanza, na yule aliyekuwa akiwatembelea Jumanne hawakuti tena mahali pao.

Kuhusu watoto, wengi wao wametolewa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayohusu ulinzi wa mtoto, imeliweka hilo kuwa kosa lenye adhabu, na Katiba ya 2006 nayo imelikataza. Mtoto akikueleza hivyo, usimwachie kundi la watu wazima waliotoka kwenye pombe, hata wawe wema namna gani; kazi ya watoto ina watu wake na kanuni zake, kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya komini (manispaa) yako ukamtaje.

Kwa wakubwa, kuna jambo lililo mikononi mwako. Chagua mmoja unayemwona kila siku, ongea naye akiwa macho, mkubaliane aondoke saa utakayoitaja na aache mlango ukiwa safi. Wengi hukubali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Ukimpa ufagio, mlipe kiasi kilekile ambacho ungemlipa kijana mwingine yeyote wa soko, kwa noti mkononi na si kwa makombo. Na mweleze mwangalizi wa choo cha soko kwamba huyo unamlipia wewe, kwa maana sehemu ya harufu unayoilalamikia asubuhi inatokana na yeye kukataliwa chooni usiku.